Maswali ya Safari: Sisi hatunywi, twende kwenye mizabibu kufanya nini?

Safu hii hujibiwa na Shangazi, mzaliwa wa Pangani, aliyefanya kazi za hoteli kwa miaka mingi mjini Colmar, mashariki mwa Ufaransa. Mwezi huu barua karibu zote zimehusu Alsace, eneo la mizabibu analoishi, kwa hiyo tumemwachia nafasi yote.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana mkutano wa kazi Strasbourg mwezi wa tisa, anataka twende sote na tukae wiki moja zaidi: yeye, mimi, binti yetu wa miaka 9 na mama mkwe wangu. Kila nikisoma kuhusu eneo hilo naona mvinyo, mvinyo, mvinyo. Sisi ni Waislamu na hatunywi. Mama mkwe ameniuliza waziwazi: "Tunaenda kwa walevi kufanya nini?" Nimjibu vipi? (Mama wa binti mmoja, Mombasa)

Marahaba mwanangu, na mfikishie mama mkwe salamu zangu. Swali lake ni la mtu mzima, halifai jibu la kubembeleza. Nimetandika vitanda vya wageni wa kila namna hapa Colmar, na wale waliorudi tena na tena hawakurudi kwa ajili ya chupa. Chupa zinauzwa hata uwanja wa ndege.

Walirudi kwa sababu ya namna mzabibu ulivyoipanga nchi. Angalia ramani: magharibi kuna milima ya Vosges, mashariki Mto Rhine, na katikati, pale milima inapoanza kuinama, kuna ukanda mwembamba wa miteremko inayopata jua la asubuhi. Ukanda huo ndio mali. Tangu zama za kati hakuna aliyekubali kuupoteza kwa kujenga nyumba yenye uwanja mpana. Watu walijibana ndani ya maboma, ukuta kwa ukuta, ghorofa juu ya ghorofa, na mizabibu ikaanzia palepale lango linapoishia. Ndiyo maana leo mtu asiye na gari anatoka kijiji kimoja, anakatiza kwenye mizabibu, na kabla hajachoka ameshafika kingine. Ribeauvillé hadi Hunawihr, Hunawihr hadi Riquewihr, kila kipande ni kilomita 2 na kitu tu. Njia ni za wakulima, hulipi hata senti. Wakati wa mavuno baadhi hufungwa kwa watembeaji. Mkiona kibao cha katazo, geukeni. Wao wako kazini.

Mama mkwe akiona nyumba zile atanyamaza kidogo. Fremu ni ya magogo ya mwaloni, na katikati wamejaza fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Ni ndugu kabisa wa nyumba ya bibi yangu Pangani, ila hii imepakwa rangi ya waridi au buluu na imesimama tangu karne ya 16. Zamani fremu hizo zilihesabiwa kuwa mali inayohamishika: mtu akihama, anafungua magogo yake, anayapakia na kwenda kuyasimamisha kwingine. Ungersheim, kusini ya Colmar, kuna kijiji kizima cha makumbusho kilichojengwa kwa nyumba zilizookolewa hivyo. Kilifunguliwa mwaka 1984, na kina wafinyanzi, wahunzi na wanyama. Mpeni binti siku nzima pale.

Siku nyingine mpelekeni Hunawihr akaone korongo weupe. Ndege hao, wanaojenga viota juu ya mapaa na minara ya makanisa, walikaribia kwisha kabisa Alsace miaka ya 1970, wakabaki jozi zisizofika 10. Mwaka 1976 kikaanzishwa kituo cha kuwazalisha pale Hunawihr, na sasa wapo hata juu ya hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, wakichafua kila gari jipya. Mwezi wa tisa wengi wameshaondoka kuelekea kusini, lakini kituoni hubaki wa kutosha, pamoja na fisimaji na hamsta wa Alsace, mnyama mdogo mnene wa jamii ya panya ambaye naye analindwa asipotee.

Kuna mahali pengine ambapo mama mkwe ndiye ningependa apaone. Juu ya kilima cha Sigolsheim, katikati ya mizabibu, kuna makaburi ya askari zaidi ya 1,500 wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika mapigano ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Colmar ilipokuwa ikikombolewa kutoka kwa Wajerumani. Wengi walikuwa Waislamu kutoka Afrika Kaskazini. Makaburi yao yameelekezwa Makka, na mawe ya vichwani yamechongwa kwa umbo la tao. Chini yake unaona bonde lote hadi Msitu Mweusi wa Ujerumani. Vijiji vya hapo jirani, Sigolsheim, Bennwihr, Mittelwihr, vilibomolewa karibu vyote katika vita hivyo, ndiyo maana nyumba zake ni mpya na watalii huvipita haraka. Msivipite.

Sasa chakula, maana hapo ndipo penye mitego. Vyakula vingi vya Alsace vina nguruwe au mvinyo ndani ya sufuria. Kabichi chachu, ile choucroute, hupikwa kwa mvinyo mweupe na kurundikiwa soseji. Baeckeoffe ni nyama za aina tatu zilizolala usiku kucha kwenye mvinyo. Chapati yao nyembamba ya malai na vitunguu, tarte flambée, huja na vipande vya nguruwe, lakini ukiagiza ya uyoga bila nyama hakuna anayeshangaa. Jifunzeni kusema "sans porc, sans alcool" kabla ya kuagiza, si baada. Mtego mkubwa kuliko yote hutokea mwishoni mwa mwezi wa tisa: kando ya barabara utaona kibao cha "vin nouveau", kinywaji kizito, kitamu, cha rangi ya juisi ya machungwa iliyovurugika. Kina ladha ya juisi. Si juisi, kimeshaanza kuchacha na kina kilevi. Mnachotaka ni "jus de raisin", maji ya zabibu yasiyochachuliwa, ambayo wakulima wengi huyauza kwenye chupa pamoja na mvinyo wao. Binti atataka ya pili.

Badala ya hoteli, pangisheni nyumba ndogo ya mkulima kwa wiki. Wenyewe huita gîte. Mara nyingi ni Jumamosi hadi Jumamosi na ina jiko lake. Bucha za halali zipo Colmar na Strasbourg, kwa Wamoroko na Waturuki. Strasbourg pia kuna msikiti mkubwa, uliofunguliwa mwaka 2012 kando ya Mto Ill, kwa hiyo Ijumaa baba asiwe na kisingizio.

Habari Shangazi. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na tumeamua: Ufaransa, eneo la mvinyo. Yeye anataka Champagne, mimi nataka Bordeaux kwa sababu ndiyo jina tunalolijua. Sasa dada yangu anasema twende kwako Alsace. Tuamulie. Na viza je? (Mume mpole, Nairobi)

Hongereni. Mke ana hoja kuliko wewe. Reims, mji wa Champagne, ni dakika 45 tu kwa treni ya kasi kutoka Paris, na yale mapango ya chokaa ambamo chupa hulala chini ya mji ni jambo la kuliona mara moja maishani. Lakini Champagne ni nchi ya kampuni kubwa: unakata tiketi, unatembezwa kwa kundi, unapewa glasi yako, unaonyeshwa duka. Siku mbili zinatosha.

Bordeaux, baba, mji ni mzuri sana, sitaki kugombana na mtu. Shida ni mashamba. Majumba yale ya kifahari yako mbalimbali, mengi huingii bila miadi, na bila gari utabaki kuangalia mageti. Ukishikilia kwenda, panda treni hadi Saint-Émilion, kijiji kilicho juu ya mwamba uliochongwa hadi likapatikana kanisa zima chini ya ardhi.

Mshindani wangu wa kweli ni Burgundy. Mji wake wa Beaune una hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi, ambayo kwa karne nyingi imepewa mashamba ya mizabibu kama sadaka. Mpaka leo mvinyo wake hunadiwa kila mwezi wa kumi na moja na pesa huenda kwenye matibabu. Kutoka hapo kuna njia ya baiskeli inayopita vijiji ambavyo majina yake ni bei. Hilo ndilo tatizo la Burgundy: majina yale yanakula mfuko. Alsace utakunywa kitu kizuri cha mkulima mwenyewe, mezani kwake, kwa pesa ambayo Burgundy inakununulia harufu.

Kwa watu wawili wanaosherehekea ningesema hivi: kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja hadi Paris, na uwanja huohuo wa Charles de Gaulle una stesheni yenye treni za kasi za kwenda Strasbourg bila kuingia mjini. Kutoka Strasbourg hadi Colmar ni nusu saa. Laleni Colmar, kisha siku mbili za katikati hamieni Eguisheim, kijiji kilichojipinda kama ganda la konokono, nyumba zikizunguka pete ndani ya pete. Watalii wa mabasi huondoka jioni, na usiku kijiji kinabaki chenu. Nendeni mwezi wa tano au wa sita. Asubuhi moja ingieni makumbusho ya Unterlinden mkaone picha za altare ya Isenheim, zilizochorwa kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya nyumba ya watawa waliotibu watu walioungua mwili kwa sumu ya ukungu wa nafaka. Kristo wa picha ile ana vidonda kama wagonjwa wenyewe. Si picha ya fungate, najua. Nendeni tu.

Na kama mke hapendi historia, mwambie hii moja: mtu aliyezaliwa Colmar mwaka 1910 alizaliwa Mjerumani, akawa Mfaransa mwaka 1918, akarudishwa chini ya Ujerumani 1940, na mwaka 1945 akawa Mfaransa tena, bila kuhama mtaa. Ndiyo sababu majina ya vijiji hayatamkiki na vyakula vina ujerumani wake.

Viza ni ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya afya ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na barua ya mwajiri isisahaulike. Uzuri wake ni kwamba viza hiyo inawavusha pia Rhine: Strasbourg mnapanda tramu ya mjini na kushuka Kehl, Ujerumani, mkanywe kahawa na kurudi.

Kwako Dada. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma, ekari tatu. Nimeweka akiba ya muda mrefu na nina ndugu Ujerumani atakayenipokea. Nataka kuona wenzetu wanavyofanya. Niende lini, na je, naweza kuvuna kwa malipo ili kupunguza gharama? (Mkulima, Dodoma)

Ndugu yangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote.

Nianze na baya: viza ya utalii hairuhusu kuvuna kwa malipo, hata siku moja. Usidanganywe na mtu. Wapo wakulima wanaokaribisha wageni kuvuna kwa siku moja, lakini hapo mgeni ndiye anayelipa, kisha anapewa chakula cha mchana na wavunaji. Kwako wewe hela hiyo haitapotea.

Sasa tuongee mvua, maana hapo utashangaa. Milima ya Vosges inazuia mawingu yanayotoka magharibi, kwa hiyo Colmar ni miongoni mwa miji mikavu zaidi ya Ufaransa, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Dodoma nanyi mko hapohapo. Tofauti ni kwamba yao inagawanyika miezi yote, yenu inamwagika kati ya Desemba na Aprili kisha basi. Na tofauti kubwa zaidi ni baridi. Nyinyi mnavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu wenu haulali, mnauamsha kwa kupogoa. Wa huku hulala kuanzia Novemba, na huvuna mara moja tu, kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, wakichelewesha baadhi ya zabibu hadi zisinyae ili sukari ikolee.

Kwa hiyo usije wakati wa mavuno peke yake, kila mtu anakuja wakati huo na hakuna atakayepata nafasi ya kukueleza kitu. Ningekuwa wewe ningekuja mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu. Nguo nzito, kofia, glavu. Hapo utawaona wakipogoa, wakiacha tawi moja au mawili marefu, kisha wanalikunja kama upinde na kulifunga kwenye waya. Utawakuta wametulia, wanapenda kuzungumza na mkulima mwenzao. Nenda Thann, ncha ya kusini ya Barabara ya Mvinyo, njia ya watalii ya kilomita 170 inayopita vijiji vya mizabibu, iliyozinduliwa mwaka 1953, ukaone mteremko wa Rangen. Ni mwamba wa volkano uliosimama wima kiasi kwamba mtu anafanya kazi kama mbuzi. Halafu uliza kwa nini wanahangaika pale wakati tambarare ipo. Majibu utakayopata ndiyo masomo uliyofuata.

Usikose Ribeauvillé. Kuna chama cha ushirika cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1895, na wenyewe hujisifu kuwa ndicho cha zamani kuliko vyote Ufaransa katika zabibu. Wakulima wadogo walichoka kupangiwa bei na wanunuzi wakajenga ghala lao na kuuza kwa jina lao. Najua Dodoma bei ya kilo huamuliwa na nani. Ukirudi, waeleze wenzako hilo kabla hujawaonyesha picha za majumba. Na Rouffach, kati ya Colmar na Mulhouse, kuna chuo cha kilimo cha mizabibu chenye shamba lake. Andika barua mapema kwa Kifaransa au Kijerumani, ndugu yako akusaidie.

Shangazi, soko la Krismasi la Strasbourg ni zuri kama picha za mtandaoni? (Binti wa chuo, Dar es Salaam)

Zuri ndiyo, na limekuwapo tangu 1570. Lakini Jumamosi ya Desemba unasukumwa tu kama uko Kariakoo, bei za vyumba zinapaa, na theluji haina ahadi na mtu. Ukiweza, lala Sélestat, mji mdogo kati ya Strasbourg na Colmar, na uende Strasbourg kwa treni Jumanne au Jumatano. Sélestat wana kumbukumbu ya mwaka 1521 inayotaja malipo kwa walinzi wa miti ya Krismasi msituni. Usipoweza, njoo mwezi wa tano. Na ujue kwamba hapa Desemba 26 ni sikukuu, maduka yamefungwa siku mbili mfululizo. Nunua mkate mapema.

Jambo Mama. Sisi ni vijana wanne kutoka Bukavu, tunaishi Brussels. Tunataka kuja na gari mwisho wa juma. Kifaransa si tatizo, tatizo ni aibu: tukiingia kwa mkulima kuonja, ni lazima tununue? Na tunaonja ngapi? (Wanne wa Brussels)

Jambo wanangu. Kwanza, anayeendesha haonji. Au aonje na kutema: kila ghala lina chombo cha kutemea na hakuna anayekuona mshamba, wataalamu wote wanatema. Kiwango cha kisheria ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na mapolisi wa Jumapili jioni wanaijua Barabara ya Mvinyo kuliko mimi.

Pili, mkifika mnasema "bonjour" kabla ya neno lingine lolote. Nimeona wageni wenye pesa wakihudumiwa kwa uso wa mawe kwa sababu ya neno hilo tu. Wakulima wadogo wengi hawatozi kuonja, lakini wanatoa chupa zao na muda wao, kwa hiyo watu wanne wakionja aina tano au sita, ondokeni na angalau chupa mbili tatu. Kama hamjapenda kitu, shukuruni na kununua moja. Pale penye kibao cha bei ya kuonja, mmeshalipa, hamna deni.

Muacheni mkulima apange utaratibu: huanza na mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, kama Sylvaner na Riesling, na kumalizia na Gewurztraminer yenye harufu ya waridi na tunda la lichi, ambayo ukiinywa kwanza hutaonja tena chochote siku hiyo. Msiogope kuuliza utamu. Tangu mavuno ya 2021 lebo za Alsace zinatakiwa kuonyesha kama mvinyo ni mkavu au una sukari. Kabla ya hapo hata sisi wa hapa tulikuwa tunabahatisha.

Njooni Ijumaa, maana Jumapili wengi hufunga, na kati ya saa sita na saa saba na nusu mchana usigonge mlango wa mtu, yuko mezani. Barabara kuu ya kaskazini hadi kusini ya Alsace haina ushuru. Chukueni maboksi ya kuwekea chupa, na jibini la Munster, lenye harufu kali, mkinunua, liombeni lifungwe mara tatu na liwekwe nyuma kwenye buti. Kutoka hapa hadi Brussels ni zaidi ya saa tano, na mko wanne ndani ya gari moja.